Mti wa Loisi

Duka la mashine za kufulia la kona ile ya Oamaru, mji mdogo ulio kusini kabisa mwa dunia, lina benchi nje, na benchi hilo ndilo bunge letu. Jumamosi asubuhi wanaume wa Kitonga, watu wa visiwa vya Tonga vya kule kaskazini baharini, hutumwa na wake zao kuleta nguo, na wakishazitumbukiza kwenye mashine hutoka kukaa juani, ikawa kazi ni kuinyoosha dunia mpaka nguo zikauke. Shemasi Penisimani huleta chupa ya kahawa na keke za kukaanga alizofungiwa na mkewe kwenye taulo. Maka huleta maneno tu. Aliwahi kufagia ofisi za baraza la mji, tena kwa muda mfupi, lakini tangu hapo anaziongelea kana kwamba alizijenga yeye, ndiyo maana anaitwa Serikali. Kitione wanamwita Kisu, kwa sababu alikata nyama kiwandani mpaka vidole vikakataa kunyooka. Wa nne ni Lisiate, maarufu kama Jembe, anayetunza bustani za Wazungu wazee wasioweza tena kuinama. Asubuhi ninayoisimulia Jembe alikuwa hajafika, na Kisu hakuwa na nguo za kufua. Alikuja kusubiri mti.

— Kisu, kaa chini bwana, — Shemasi alimwambia. — Unatuchosha shingo.

— Nimekaa sana nyumbani.

— Kwani ukisimama ndiyo mti utakuja mbio?

— Na kama umefia njiani je?

— Ufie njiani kwenye gari la Jembe? — Serikali akadakia. — Gari lenyewe linatembea kama linasindikiza maiti.

Kitione hakucheka. Serikali akang'amua alichokisema, akajitia kukohoa, akaomba keke.

Mti wenyewe ulikuwa mti wa mpira, ule wa kukaa sebuleni, wenye majani mapana mazito yanayong'aa. Ulinunuliwa mwaka aliozaliwa Loisi, mjukuu wa Kitione. Kwao kitovu cha mtoto kikidondoka huzikwa ardhini na mti ukapandwa juu yake, ili mtu awe na mahali pa kusema hapa ndipo pangu. Lakini Fusi, binti yake Kitione, alikuwa akiishi na mumewe nyumba za kupanga, na mwenye nyumba wao alikataza hata kuchimba kashimo ka kigingi cha kamba ya nguo. Na hata angeruhusu, wangehama kesho na kitovu cha mtoto wangemwachia mpangaji mwingine. Ndipo Fusi alipoamua kwamba watakizika ndani, kwenye chungu, wawe wanahama nacho. Duka la miche walikwenda na Kitione. Yeye alitaka mlimao, maana mti usiozaa aliuona kama mgeni anayekula bila kuosha sahani. Muuzaji akauliza dirisha la sebule linatazama wapi, akaambiwa kusini, upande usiopata jua huku, akatikisa kichwa: mlimao bila jua ni kuutesa. Wakachukua mpira, unaovumilia kivuli. Kitovu kikafungwa kwenye kipande cha ngatu, ile nguo yao ya gamba la mti, na Kitione akakifukia kwa mkono wake.

Hakumwambia mtu. Kuzika kitovu cha mjukuu kati ya kochi na televisheni aliona ni kuutangazia mji mzima kwamba ukoo wake hauna ardhi ya kutosha hata kuzika kitu kidogo namna ile. Aibu hiyo aliimeza peke yake.

Loisi alizaliwa na tundu kwenye moyo. Alikua akiyafuta vumbi majani yale kwa kitambaa chenye maji, moja moja, na kila jani alilipa jina la binamu yake mmoja. Hakufikia umri wa kwenda shule. Wazee wa upande wa baba yake waliomba mwili ukalale kisiwani Vava'u, Tonga, kwa watu wao, na ukapelekwa huko ng'ambo ya bahari. Fusi alirudi Oamaru hana hata kaburi la kwenda kupalilia. Kuutazama mti hakuweza, akamletea baba yake amtunzie. Naye Kitione akautunza kwa mapenzi yake yote, yaani akaumwagilia maji kila alipomkumbuka mtoto, na alimkumbuka kutwa. Majani yakageuka manjano yakaanza kudondoka. Jembe akamwonea huruma, akauchukua kwenda kuutibia gereji kwake. Sasa Fusi alikuwa amejifungua tena, mtoto wa kiume, na juzi alipiga simu akasema anautaka mti wake, ataupitia pale pale kwenye benchi. Kama ungekuwa umekufa, Kitione hakujua angeuweka wapi uso wake.

Gari la Jembe likaja, taratibu kweli kweli. Nyuma yake, umefungwa kamba na kufunikwa blanketi, ulisimama mti. Jembe akashuka, akavuta blanketi kama mtu anayefunua mnara wa taifa.

— Haya! Semeni sasa!

Ulikuwa umejaa. Majani mapya yalitoka mpaka chini, ya kijani kibichi, na pale kileleni palikuwa na chipukizi jekundu limejikunja, linajiandaa kufunguka. Kitione alilishika jani moja, akalishika la pili. Machozi yakamtoka mbele ya watu, na hakujali.

— Jembe, — alisema. — Jembe, ndugu yangu.

— Acha hizo. Nisaidieni kuushusha. Na msiuweke juani! Mti wa ndani ukiutoa ghafla unaungua majani. Hapo chini ya kibaraza. Hapo hapo.

Wakaushusha, Shemasi na Serikali wakakaa kando yake kama wanauhoji.

— Mimi najua kilichouponya, — Shemasi akaanza, akimimina kahawa. — Gereji ya Jembe imepakana na ukumbi wetu wa kanisa. Kila Alhamisi kwaya inafanya mazoezi. Ni zile besi. Besi zinatikisa mizizi, mizizi inaamka.

— Besi zenu zinaamsha wafu na kuua walio hai, — Serikali akasema. — Sikilizeni niwaambie. Kwa Kisu mti ulikaa mbele ya televisheni. Kila siku taarifa ya habari: vita, mafuriko, bei ya siagi. Nani asingedondosha majani?

— Mti una macho?

— Hauna macho, una majani. Jani ni sikio. Ukiliangalia hulioni lilivyokaa? Pale baraza la mji tulikuwa na mti mkubwa ukumbini. Kila wakipandisha kodi ya ardhi, unapukutika. Nilikuwa nafagia mimi, naona.

— Ulikuwa unapukutika kwa sababu uliuwekea hita mgongoni, — Jembe akamwambia.

— Hita waliiweka wao! Na jingine: mti wa mtu wa Tonga uelekezwe Tonga. Kaskazini. Kisu aliuelekeza kusini, unatazama barafu na pengwini. Mti ukakata tamaa.

— Sasa hapo kwa bahati mbaya umepatia, — Jembe akacheka. — Kaskazini ndiko jua liliko.

— Nimeshinda! Shemasi, ongeza kahawa.

— Hujashinda kitu. Nitawaambia nilichofanya, mkafanye na kwenu. Kisu, usinichukie, lakini ulikuwa unauzamisha. Udongo umekuwa tope, unanuka kama mtaro. Mti wa ndani hauhitaji maji kila siku. Chomeka kidole, ukikuta unyevu, nenda zako kalale. Mizizi ilishaoza nusu. Basi nikaung'oa wote. Nikaiosha mizizi kwa bomba mpaka ikabaki kama ndevu za Shemasi, nikakata iliyooza, nikaupa udongo mpya wa dukani na changarawe nyepesi. Ndani ya siku chache, chipukizi.

Serikali akapiga makofi. Shemasi akazishika ndevu zake. Kitione alikuwa bado ameshika jani.

— Wote? — aliuliza.

— Nini wote?

— Udongo. Uliutoa wote?

— Wote, bwana! Ukiacha punje, ugonjwa unarudi.

— Hukukuta kitu ndani?

— Kitu gani? Mizizi. Minyoo miwili mitatu. Na kitambaa cha kahawia, kimefungwa fungwa. Nikajua Fusi alizibia tundu la chungu udongo usimwagike. Watu wengi wanafanya hivyo, tena ni makosa, maji yanakosa pa...

Jembe aliuona uso wa mwenzake.

Ndipo Kitione akakaa. Akawaambia kilichokuwamo kwenye kile kitambaa, akitazama chini, kwa maneno machache tu, kwa sababu wote wale ni Watonga na hakukuwa na la kufafanua. Ndani ya duka mashine moja ilikuwa inazungusha nguo kwa kishindo. Shemasi alivua kofia akaiweka gotini. Jembe alibaki wima, mikono imening'inia, uso umemwiva mpaka masikioni.

— Kwa nini hukuniambia? — hatimaye alisema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba. — Kisu. Ungeniambia neno moja tu, ningekichukua kwa mikono miwili.

— Ningekuambia nini? Kwamba kitovu cha mjukuu wangu nimekizika kwenye chungu cha plastiki?

— Mimi cha mwanangu kiko kwenye friji! — Jembe akalipuka. — Kwenye friji, Kisu, nyuma ya samaki, tangu azaliwe, nasubiri nikipata nyumba yangu! Unadhani wewe peke yako ndiye huna ardhi hapa?

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine wangecheka hadi jioni. Kitione alimtazama rafiki yake, na uchungu ukamzidi, kwa sababu hata wa kumkasirikia hakuwepo. Mtu aliuokoa mti kwa kumtupa mtoto nje, na alifanya hivyo kwa upendo.

— Uliumwaga wapi? — Shemasi akauliza kwa upole.

— Kwenye trela. Nilikuwa na majani ya ua nililompunguzia bibi mmoja wa mlimani. Nikapeleka vyote dampo.

— Twende tukachimbe. Nguo zitatusubiri.

— Hakuna cha kuchimba pale, — Serikali akasema. — Kuna tingatinga linageuza kila siku asubuhi. Nalijua lile.

Lakini watu wa benchi hawawezi kumwacha mwenzao na kimya, hawakuzaliwa hivyo. Shemasi akasogea karibu.

— Sikia, Kisu. Ni miaka mingapi ile? Kitovu kilishaoza zamani. Mizizi ilishakinywa. Kata jani hapo, yatatoka maziwa meupe. Yale maziwa ndiyo Loisi. Hakuna kilichopotea, yumo humu, kapanda juu tu.

Kitione alitaka kulipokea lile neno. Alimgeukia Jembe.

— Kitambaa kilikuwa kimeoza?

Jembe angeweza kusema ndiyo. Aliilamba midomo iliyomkauka.

— Hapana, — alisema. — Kilikuwa kizima. Mafundo yote yalikuwepo.

Shemasi alimtazama Jembe kwa jicho la kumpasua, na Jembe akainamisha kichwa.

— Basi nisikilizeni mimi, — Serikali akaanza tena, na safari hii hakuwa anajigamba, alikuwa anatafuta. — Ule udongo wa dampo hautupwi. Unalundikwa unaiva, unachekechwa, halafu baraza la mji linauchukua. Linauweka kwenye bustani. Kwenye waridi za pale mnarani, kwenye ile miti ya barabara kuu, kwenye uwanja wa raga wakati nyasi zinapandwa. Mji mzima, Kisu! Kila mtu kitovu chake kiko chini ya mti mmoja. Cha Loisi kiko chini ya Oamaru yote. Yeye ndiye mwenye mji. Sisi wote ni wapangaji wake, na huyo mwenye nyumba wa Fusi naye pia.

Kitione alitikisa kichwa, lakini mdomo ulimcheza kidogo, na Serikali akaona, akapata moto.

— Na mwingine unatiwa kwenye mifuko! Unauzwa madukani! Jembe, udongo mpya ulinunua wapi?

— Pale pale wanapouza kila mtu.

— Mnaona? Unaweza kuwa ndio huo huo umerudi. Umezunguka ukarudi kwenye chungu chake!

Ilikuwa upuuzi mtupu, hata Serikali mwenyewe alijua. Lakini kwa muda mfupi Kitione aliutazama ule udongo mweusi mpya, na moyo ukamruka kama wa mtu aliyesikia hodi. Halafu ukarudi chini, chini zaidi ya pale ulipokuwa. Alijisikia mzee. Yale majani yaliyomliza kwa furaha sasa hakutaka kuyaona. Yalikuwa majani mazuri ya mti wa mtu yeyote.

— Fusi anakuja saa ngapi? — Shemasi aliuliza.

— Anakuja sasa hivi.

Shemasi akatazama barabara, akainama.

— Nyumbani kwangu kuna ngatu, — alisema kwa sauti ya chini. — Ya zamani, ina rangi hiyo hiyo. Nakwenda na kurudi. Tunafunga kipande, tunatia mafundo, tunakifukia. Nani atajua?

— Shemasi! — Serikali akashtuka.

— Mimi shemasi ndiye ninayesema. Binti alishazika mara moja. Mnataka azike mara ya pili? Mungu ataangalia pembeni kidogo.

— Nitakuendesha mimi, — Jembe akasema haraka, funguo mkononi. — Kisu, sema tu.

Nisimsafishe Kitione: jambo hilo alilitamani. Alimwona Fusi akiuchukua mti kwenda kwake, akiuweka dirishani, akiufuta majani na kuongea nao kama alivyokuwa akiongea zamani, na maisha yanaendelea. Kipande cha ngatu tu. Lakini alimwona pia yeye mwenyewe, kila Jumapili baada ya ibada, amekaa kwenye kochi la binti yake, anakunywa chai mbele ya kitambaa kitupu. Alifungua mdomo aseme nenda, akaufunga. Akaufungua tena aseme usiende.

— Yule pale, — Serikali alisema.

Fusi alikuwa anavuka barabara kwa miguu, mtoto kamfunga kifuani. Alikuwa amekonda usoni lakini alitembea upesi. Alipouona mti chini ya kibaraza alisimama katikati ya njia mpaka gari likampigia honi. Kisha akaja, na alikuwa anacheka, kicheko ambacho baba yake hakukisikia tangu siku ya Vava'u.

— Baba! Mbona uliniambia unaumwa?

— Uliumwa, mwanangu.

— Huyu ndiye mgonjwa? Tazama! Tazama kilele chake!

— Ni Jembe, — Kitione alisema. — Jembe ndiye aliyeutibu.

Fusi akamwendea Jembe, akamshika mikono yote miwili, ile yenye kucha nyeusi za udongo, akaibusu.

— Mjomba, sina cha kukulipa. Nilishajiambia ukifa huu sitazaa tena.

Jembe alitikisa kichwa. Alisogea nyuma hadi akagota kwenye gari lake.

— Na huyu bwana mkubwa hajambo? — Shemasi akauliza, ili pawe na sauti ya mtu.

— Hajambo, anakula tu. Mjomba Shemasi, nishikie.

Akamfungua mtoto, akamweka kwenye mikono ya Shemasi, amelala, kichwa hakijai kiganja. Kisha Fusi akapiga magoti pale kwenye sakafu, mbele ya wanaume wanne na mashine zinazozunguka ndani. Alitia mkono kifuani akatoa kipande kidogo cha ngatu kilichokunjwa vizuri, kipya, kimefungwa uzi.

— Kimedondoka jana usiku, — alisema. — Nikasema simpi mti mwingine. Wakae pamoja. Yule asiwe peke yake humu.

Akayasogeza majani ya chini kwa mkono wa kushoto, polepole, asiyavunje. Akanyoosha kidole cha mkono wa kulia, akakigusisha kwenye udongo, akasita. Aliinua uso kumtazama baba yake, na bado ulikuwa na kile kicheko.

— Baba, cha dada yake ulikiweka upande gani? Nisije nikakichimbua.

Shemasi alimkumbatia mtoto akageuka ukutani. Kule nyuma Jembe alikuwa amejishika uso. Kitione aliinuka, akaja akapiga magoti kando ya binti yake, magoti yakilia, akakitazama kile chungu mviringo mzima.

— Baba? — Fusi aliuliza tena. — Upande gani?